Namna ya Kusikiliza Albamu ya Muziki wa Tamthilia ya Bunilizi ya Kisayansi: Mwongozo Kamili kwa Msikilizaji wa Dar es Salaam

Wengi wetu hukutana na muziki wa tamthilia tukiwa tumeshughulika na mengine: macho yanasoma tafsiri chini ya skrini, masikio yanafuata mazungumzo, na muziki unapita bila mtu kuuliza nani aliutunga au kwa nini ulianza pale ulipoanzia. Albamu inauondoa muziki huo kwenye picha na kuuweka peke yake. Hapo ndipo wasikilizaji wengi wanapokata tamaa, kwa sababu wanatarajia nyimbo zenye beti na kiitikio, na badala yake wanapata vipande vifupi vya ala ambavyo kwa mara ya kwanza vinafanana. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao. Shabaha yake ni moja: kumwezesha msikilizaji kuyatambua mahadhi yaleyale yanaporudi yakiwa yamebadilishwa ala, kasi au uzito, kwa kuwa katika muziki wa aina hii hadithi inasimuliwa kwa njia hiyo.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni Battlestar Galactica, tamthilia ya Marekani kuhusu manusura wa binadamu wanaokimbia angani baada ya sayari zao kuangamizwa, iliyoanza kwa filamu ya televisheni ya sehemu mbili mnamo Desemba 2003 na kumalizika Machi 2009. Muziki wa sehemu hizo mbili za kwanza uliongozwa na Richard Gibbs, kisha kazi ya kutunga muziki wa misimu yote iliyofuata ikabebwa na Bear McCreary. Albamu ya msimu wa 1 ilitolewa mwaka 2005 na kampuni ya La-La Land Records. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu unamkaribisha msikilizaji wa pwani ya Afrika Mashariki kuliko mingine mingi: tarumbeta kubwa za okestra tulizozoea kuzisikia katika hadithi za anga zimewekwa kando, na mahali pake zimeingia ngoma za taiko za Japani, duduk ya Armenia, erhu ya Uchina, gamelan ya Indonesia, yaani kundi la ala za shaba za kugongwa, na sauti za kuimba katika lugha kadhaa.

1. Chagua albamu moja, na uanze na msimu wa kwanza

Albamu za tamthilia hazitengenezwi kwa namna moja, na ni vizuri ujue umeshika ya aina gani kabla ya kuihukumu. Nyingine huchagua vipande bora vya msimu mzima na kuvipanga upya ili visikilizike vizuri. Battlestar Galactica ni ya kundi hilo. Nyingine hutolewa kipindi kwa kipindi, kama ilivyofanyika kwa The Mandalorian mwaka 2019, ambapo kila kipindi cha msimu wa kwanza kilikuwa na albamu yake, na mtunzi Ludwig Göransson alijenga mahadhi makuu juu ya filimbi ya rekoda ya besi aliyoipuliza mwenyewe. Zipo pia zilizojaa vipande vifupi sana vya sinthesaiza, mfano wake mzuri ukiwa albamu mbili za Stranger Things za mwaka 2016, kazi ya Kyle Dixon na Michael Stein. Anayependa chimbuko la mambo anaweza kurudi hadi mwaka 1963, wakati Delia Derbyshire wa BBC alipoyachukua mahadhi yaliyotungwa na Ron Grainer kwa ajili ya Doctor Who na kuyajenga sauti moja baada ya nyingine kwa kukata na kuunganisha kanda za sumaku, kabla sinthesaiza hazijawa chombo cha kawaida cha studio.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni msimu wa 1, hata kama misimu ya baadaye inasifiwa zaidi. Mtunzi huyaweka mahadhi yake wazi mwanzoni, kisha huyavunja na kuyachanganya kadiri hadithi inavyosonga. Anayeanzia katikati anasikia mchanganyiko bila kujua ulitokana na nini. Vilevile, tazama msimu wenyewe kwanza, walau mara moja, kwa sababu majina ya vipande kwenye albamu mara nyingi hufichua matukio.

2. Ipate albamu yenyewe, na ukague mipangilio ya simu

Kwenye mitandao ya video kuna kopi nyingi zilizopigwa upya na mashabiki kwa kinanda cha kompyuta, na baadhi hubeba jina na picha ya albamu halisi. Kagua jina la mtunzi na la kampuni iliyoitoa kabla ya kupakua, kisha sikiliza sekunde chache za kipande chenye ngoma: ngoma zilizopigwa na mikono ya watu hazilingani kabisa pigo kwa pigo, ilhali zile za kompyuta hurudia sauti ileile bila tofauti.

Kuhusu bando, hesabu ni rahisi. Saa moja ya muziki kwa kiwango cha kilobiti 160 kwa sekunde hula takribani megabaiti 72, na kwa kilobiti 320 hula takribani megabaiti 144. Faili lisilopunguzwa ubora linaweza kufika megabaiti 300 au zaidi kwa saa. Kwa kuwa utaisikiliza albamu hiyohiyo mara nyingi, ni afadhali uipakue mara moja ukiwa na Wi-Fi au bando la usiku kuliko kuifungua mtandaoni kila siku. Kiwango cha 320 kinatosha kwa vifaa ambavyo wengi wetu tunavyo. Fedha ya ziada ielekezwe kwenye hedifoni.

Kabla ya kuanza, ingia kwenye mipangilio ya programu yako na uzime mambo manne: kuchanganya mpangilio wa nyimbo, kuufifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, kusawazisha ukubwa wa sauti, na ekwalaiza. Hilo la tatu ndilo linaloharibu zaidi, kwa kuwa linaweza kukisogeza kipande cha mnong'ono kifikie ukubwa wa kipande cha vita, na mtunzi alikusudia tofauti hiyo.

3. Vifaa: hedifoni, sabufa na majaribio ya dukani

Muziki huu una pande mbili zinazovishinda vifaa vya bei ya chini. Upande wa kwanza ni ngoma kubwa ambazo sauti yake iko chini sana, na upande wa pili ni ala za kupuliza zilizorekodiwa kwa karibu kiasi kwamba pumzi ya mpigaji inasikika. Spika ndogo ya Bluetooth huzipoteza ngoma na kuacha tu kishindo cha fimbo kwenye ngozi. Sabufa, ambayo ndiyo iliyoko katika sebule nyingi za Dar es Salaam, ina kasoro iliyo kinyume chake: hulivimbisha besi hadi mapigo matatu yanasikika kuwa moja. Ukiwa nayo, punguza besi hadi chini ya nusu, isogeze mbali na kona ya ukuta, na uziweke spika zake ndogo mbili upande huu na huu mbele yako, kwa urefu wa masikio, umbali kati yake ukilingana na umbali wa kila moja hadi ulipokaa.

Hedifoni ya waya ya bei ya kati inatosha, na Kariakoo zimejaa. Tatizo la Kariakoo ni kelele ya barabarani, ambayo hufanya kila hedifoni yenye besi nyingi ionekane bora. Muombe muuzaji akuruhusu kujaribu kwa simu yako mwenyewe, ukiwa ndani kabisa ya duka, na ufuate utaratibu huu. Weka kwanza kipande cha ngoma na usikilize kinachotokea baada ya pigo: je, mtetemo wa ngozi unapungua taratibu hadi unakwisha, au unakatika ghafla? Kisha weka kipande chenye sauti ya mwimbaji mmoja na uangalie kama anasikika katikati ya kichwa. Akielemea upande mmoja, hedifoni hiyo ina kasoro. Mwisho, uzungushe waya karibu na plagi taratibu huku muziki unaendelea. Mkwaruzo wowote hapo ni sababu ya kuirudisha mezani na kuchukua nyingine.

4. Chumba na saa

Nyumba zetu nyingi zina kuta za matofali ya saruji, sakafu ya vigae na madirisha yenye nyavu yanayobaki wazi kwa sababu ya joto. Kuta na vigae hurudisha sauti, na madirisha huingiza mtaa mzima. Huhitaji kujenga studio. Sikiliza katika chumba cha kulala badala ya sebuleni, kwa kuwa godoro, mapazia na nguo zilizotundikwa hunyonya mwangwi; tandika mkeka au zulia kati yako na spika. Pangaboi ni mtihani mgumu zaidi, maana mvumo wake hufunika sehemu tulivu za muziki, na kulizima mwezi wa Januari ni adhabu. Suluhisho ninalolipendekeza ni kukipoza chumba mapema, kisha kulizima kwa dakika ishirini tu za vipande vilivyo tulivu, na kuliwasha tena vinapofika vipande vya vita.

Saa zinazofaa ni baada ya Isha mtaa unapotulia, au kabla ya Alfajiri. Msimu wa masika, nyumba ya bati isitumike kwa kazi hii mvua inaponyesha. Umeme ukikatika usiahirishe, mradi simu ina chaji na jirani hajawasha jenereta, kwani huo ndio wakati friji, pangaboi na televisheni za nyumba za jirani zimenyamaza pamoja.

5. Usikilizaji wa kwanza: mfululizo, bila skrini

Cheza albamu kuanzia kipande cha kwanza hadi cha mwisho bila kusimama, simu ikiwa imelazwa kifudifudi. Usijaribu kukumbuka matukio ya tamthilia. Weka daftari karibu, na kila unaposhtuliwa na jambo, andika namba ya kipande na dakika peke yake, bila maelezo. Ukichoka, simama mwishoni mwa kipande na uendelee kesho yake kutoka hapo.

Kuna jambo nalisikia mara kwa mara, kwamba muziki usio na maneno si wa kwetu na kwamba Mswahili husikiliza wimbo kwa ajili ya ushairi. Silikubali. Onyesho la taarabu ya Zanzibar tangu zamani limefunguliwa kwa bashrafu, kipande kirefu cha ala tupu, ambapo fidla, udi na kanuni hujibizana kabla mwimbaji hajasimama. Na kikundi cha Ikhwani Safaa kimekuwa kikiyafanya hayo tangu mwaka 1905. Msikilizaji aliyezoea kukaa na bashrafu hadi mwisho tayari ana uvumilivu unaohitajika hapa.

6. Kuyafuata mahadhi: kazi kuu

Hatua hii ndiyo yenye uzito kuliko zote, na inafaa ipewe jioni zake yenyewe. Chukua vipande viwili tu vya albamu ya msimu wa 1, «A Good Lighter» na «Wander My Friends». Vyote vinatokana na kipindi kimoja, ambamo Kamanda Adama anampa mwanawe Lee, rubani anayejiandaa kwenda kwenye shambulio la hatari, kiberiti cha gesi kilichokuwa cha babu yake. Ni onyesho fupi la baba na mwana wasiojua kuambiana wanavyopendana, na kiberiti ndicho kinachosema kwa niaba yao.

Anza na «A Good Lighter». Sikiliza mara mbili mfululizo bila kufanya lolote. Mara ya tatu, vumisha mahadhi kwa mdomo uliofumbwa pamoja na ala, na ukipotea, usirudishe nyuma. Subiri yarudi, kwa sababu yatarudi. Utasikia kwamba yana ladha ya muziki wa Ireland, ya taratibu, yenye kupanda kidogo na kushuka kwa muda mrefu. Endelea hadi uweze kuyavumisha ukiwa umezima simu. Watu wengi huiruka sehemu hii kwa kuona haya au haraka, nao ndio wanaobaki wakisema kwamba vipande vyote vinafanana.

Sasa ruka hadi «Wander My Friends», ambacho kimewekwa karibu na mwisho wa albamu. Safari hii kuna mwimbaji, na maneno ni ya Kiairishi. Usihangaike na maana yake. Vumisha mahadhi uliyojifunza, polepole, na usubiri mahali yatakapoungana na sauti yake. Yakishaungana, jiulize maswali matatu na uandike majibu kwa sentensi kamili. Kasi imebadilika vipi? Ni ala ngapi zinazoyabeba sasa, ikilinganishwa na mwanzo? Na je, lile lililokuwa siri ya watu wawili chumbani limekuwa la nani? Kwa maoni yangu, jibu la swali la tatu ndilo lililomfanya mtunzi ayarudie: wimbo wa baba na mwana umegeuka kuwa wimbo wa kundi zima la manusura wanaoshangilia ushindi wao, na hakuna mhusika aliyelazimika kulitamka hilo.

Ukiwa umeuweza mfano huo, rudi kwenye daftari lako la usikilizaji wa kwanza. Vipande vingi ulivyoviwekea alama vitakuwa ni vile ambamo mahadhi fulani yalirudi na sikio lako likayatambua kabla akili haijayapa jina. Yape majina yako mwenyewe sasa, kwa Kiswahili, kwa kadiri unavyoyasikia.

7. Kuzijua ala kupitia ala zetu

Hapa msikilizaji wa Tanzania ana njia ya mkato. Duduk ni ala ya kupuliza yenye ulimi wa matete pacha, iliyochongwa kwa mti wa aprikoti. Zumari la pwani nalo lina ulimi pacha. Tofauti ya sauti zao inatokana zaidi na tundu la ndani: la zumari hupanuka kuelekea chini, na sauti yake hukata hewa hadi kufika uwanjani, la duduk lina upana uleule kutoka juu hadi chini na ulimi wake ni mpana, kwa hiyo sauti hutoka nyororo, iliyo karibu na ya binadamu anayeguna. Katika desturi ya Armenia mpigaji mmoja hushikilia sauti moja isiyokatika chini huku mwenzake akipiga mahadhi juu yake. Kila unaposikia duduk kwenye albamu, itafute kwanza sauti hiyo ya chini, hata kama mtunzi ameikabidhi kwa ala nyingine.

Erhu ina nyuzi mbili na upinde unaopita katikati ya nyuzi hizo. Anayelijua zeze la Wagogo, lile ambalo marehemu Hukwe Zawose alilifikisha kwenye majukwaa ya dunia, atautambua mara moja uzi unaolia kwa upinde bila vijiti vya kugawa noti, ukiteleza kutoka sauti moja hadi nyingine. Ikiwa hujawahi kuliona zeze likipigwa, maonyesho ya TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni kule Bagamoyo, ni mahali pazuri pa kuanzia. Kuhusu taiko, hakuna mengi ya kumfundisha mtu aliyekulia kwenye ngoma. Zingatia tu ukimya ulioachwa kati ya mapigo.

8. Kipande kirefu cha nyuzi

«Passacaglia» kinastahili kikao chake. Jina lake ni la umbo la muziki lililoenea Ulaya katika karne ya 17, ambalo msingi wake ni mfuatano mfupi unaorudiwa tena na tena huku juu yake mambo mapya yakiongezwa. Kisikilize mara ya kwanza ukifuata kile kinachorudiwa tu, na ukatae kuvutwa na kingine chochote. Mara ya pili, fuata kila sauti mpya inapoingia. Mara ya tatu, sikiliza vyote kwa pamoja. Kinaanza kwa upole sana, kwa hiyo weka ukubwa wa sauti kwa kukadiria sehemu ya katikati, la sivyo utaongeza mwanzoni na kujiumiza baadaye. Endelea moja kwa moja na «The Shape of Things to Come» kinachokifuata, na utafute kwa sikio undugu wao.

9. Rudi kwenye picha

Baada ya wiki mbili au tatu, tazama tena kipindi chenye vipande ulivyovisoma. Angalia ni sekunde gani muziki unaingia: kabla ya neno, baada yake, au wakati mhusika anageuza uso. Kisha tazama onyesho hilohilo ukiwa umezima sauti kabisa, ukivumisha mahadhi mwenyewe. Utaona ni kiasi gani cha kile ulichodhani ni uigizaji kilikuwa muziki.

10. Njiani

Kwenye mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni, au kwenye pantoni la Kigamboni, sikiliza vipande vya ngoma pekee. Vile vya utulivu hufunikwa na injini, na kishawishi cha kuongeza sauti kinakuwa kikubwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye kiwango cha desibeli 80, na kila sauti inapopanda juu ya hapo, muda ulio salama hupungua haraka.

11. Misimu inayofuata

Ukimaliza msimu wa 1, chukua albamu ya msimu wa 2 iliyotolewa mwaka 2006, na uanze na «Prelude to War», kipande cha zaidi ya dakika 8 ambacho huanza kwa kujizuia na kuishia kwa ngoma na nyuzi zikipigana. Kiweke karibu na «Roslin and Adama», kilicho kipole kuliko vyote, ili usikie upana wa mtunzi mmoja. Kwenye albamu hiyo kuna pia «Colonial Anthem», ambamo McCreary ameyarudisha mahadhi ya tamthilia ya zamani ya mwaka 1978, kazi ya Stu Phillips na Glen Larson, yakiwa sasa wimbo wa taifa wa wahusika.

Albamu ya msimu wa 3, ya mwaka 2007, ina toleo la McCreary la wimbo wa Bob Dylan «All Along the Watchtower». Katika kipindi cha kufungia msimu huo, vipande vidogo vya wimbo huo husikika na wahusika wachache kabla haujajitokeza wote, kwa hiyo tazama kipindi kwanza na usikilize albamu baadaye. Albamu ya msimu wa 4 ya mwaka 2009 ina diski mbili, na ya pili imetengwa kwa ajili ya kipindi cha mwisho cha tamthilia. Diski hiyo isifunguliwe kabla hujayaweza kwa kuvumisha mahadhi matano au sita ya misimu iliyotangulia, kwa kuwa imejengwa karibu yote kwa kuyarudisha, na asiyeyajua ataisikia kuwa ndefu tu.